Kuvusha mimea winta ya Leicester, na ndege nao wale: shajara ya bustani

Mwisho wa Septemba

Naanza kuandika hii ili mwakani nisikae najiuliza mwaka jana nilifanyaje. Bustani ipo nyuma ya nyumba, Leicester hapa Uingereza, nyembamba na ndefu, inateremka kidogo mpaka kwenye uzio wa mbao wa chini, na juu karibu na mlango wa jikoni kuna kibanda cha kioo ambacho mwenye nyumba wa zamani alikiacha. Mradi una pande mbili. Wa kwanza ni kuivusha winta mimea yangu yote ya joto bila kununua upya kila ikifika Mei, maana bei za miche huku bwana we acha tu. Wa pili ni ndege wa porini, nataka waje na wakae, sio wapite juu ya paa wakienda kwa watu wengine.

Shida ni kwamba hizi pande mbili zinavutana. Kila anayekufundisha kuvusha mimea anakwambia kata, fagia, funika, funga mlango. Kila anayekufundisha ndege anakwambia acha, usikate, usifagie, fungua. Na mimi sina bustani mbili. Kwa hiyo mwaka huu nataka nione nani atamwachia nani nafasi.

Mimea niliyo nayo: mgomba mmoja mkubwa wa aina ya Musa basjoo, watu wanauita wa Kijapani ila asili yake China, ndizi zake hazina maana lakini majani jamani. Mgomba mwingine mwekundu wa ensete kwenye pipa, huu kwao Afrika, Ethiopia wanakula shina lake na kile kitako cha chini. Magimbi, niliyanunua ya kula Belgrave Road nikazika mawili tu kwa utani yakaota. Kana nyekundu, dalia, jeraniamu, mchaichai, na pilipili mbuzi ambayo hiyo ndo roho yangu.

Ukiangalia vizuri, maua mengi yanayoitwa ya bustani ya Kiingereza ni wageni hapa. Dalia ni za Mexico, jeraniamu za dirishani zimetoka Afrika Kusini, zile bizi lizi za kwenye vikapu ni za kwetu Afrika Mashariki kabisa, zinaota zenyewe pembeni ya vijito. Na kile kiua cha zambarau cha kwenye kikopo supamaketi, wanaita vayoleti ya Afrika, ni cha milima ya Usambara, yule Mjerumani baron von Saint Paul ndo alikipeleka kwao 1892. Mimi ni mtu wa Muheza, nikikikuta pale kwenye rafu karibu na mikate nakisalimia.

Katikati ya Oktoba

Nimefunga vipimajoto viwili, vile vinavyokumbuka kiwango cha chini cha usiku. Kimoja juu ukutani jikoni, kingine chini kwenye uzio. Usiku wa jana anga ilikuwa tupu hamna wingu, asubuhi cha juu kimesoma nyuzi 4, cha chini 1. Bustani hiyohiyo! Hewa ya baridi ni nzito, inateremka taratibu inakwenda kutuama chini, na ule uzio unaizuia isitoke. Watu wa Njombe na Makete hawahitaji kuelezwa hili, wanajua Juni na Julai viazi vya bondeni ndo vinaungua kwanza, vya mgongoni vinapona. Hivo nimetoa ubao mmoja wa chini kwenye uzio hewa ipate pa kupita (na kalunguyeye naye kapata mlango), na nimeamua hakuna chungu chochote cha mmea wa joto kitakaa kule chini. Kule nimewapa ndege. Tayari nusu ya ugomvi imeisha, kumbe ramani ya baridi ndo ramani ya mradi.

Mchaichai na pilipili mbuzi zimeshaingia ndani, hizi usingoje barafu, usiku ukianza kushuka chini ya nyuzi 10 zinaanza kununa. Mchaichai nimeukata ukabaki shubiri moja, majani nimekausha ya chai. Pilipili nimezikata sana, yamebaki matawi mafupi tu yenye umbo la panda, mtu akiona anadhani nimeziua. Kabla hazijaingia nimegeuza kila jani lililobaki kutafuta vidukari, maana ukiingiza vidukari vitatu ndani ya nyumba yenye hita, Desemba una kijiji.

Jirani yangu wa kulia ni mzee wa Kihindi, mzaliwa wa Jinja, alifika hapa 1972 Amin alipowafukuza. Hadithi ya Leicester na wao inajulikana, halmashauri ya mji ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia msije huku pamejaa, na wao wakaja zao. Kiswahili chake kipo mpaka leo, tunaongea juu ya uzio, mimi namwita mzee wangu yeye ananiita binti. Pilipili zake zinakaa dirishani mwaka baada ya mwaka, zina shina la mti kabisa. Leo kaniangalia navyomwagilia akasema, "Binti, baridi peke yake haiui. Baridi na maji ndo zinaua." Nimeiandika kwa makapeni juu ya mlango wa kibanda.

Novemba mwanzoni

Jalidi ya kwanza imeanguka usiku wa kuamkia Jumamosi. Saa 2 asubuhi nyasi nyeupe zote, ukikanyaga zinalia, na dalia zimegeuka nyeusi zimelegea kuanzia juu mpaka chini. Hapo ndo pa kuanza kazi, sio kabla. Watu wengi wana haraka wanang'oa Septemba ua bado linacheka, na viazi vyake vilikuwa bado vinajaza.

Dalia nakata shina sentimita 10 hadi 15 juu ya udongo, nachimba kwa uma kuanzia mbali, nanyanyua fungu zima. Shina la dalia ni tupu katikati, mrija kabisa, ukiliinamisha yanatoka maji yenye harufu ya mboga iliyochacha. Hayo maji ndo adui. Yakibaki mle yanashuka yanaozesha shingo, na macho ya kuchipua yapo shingoni sio kwenye kiazi, kiazi kinaweza kuwa kinene kizuri cha kupiga picha lakini kama hakina kipande cha shingo chenye jicho hakioti milele. Kwa hiyo mafungu yote nimeyageuza miguu juu kwenye kreti gereji, yatakaa hivo wiki kadhaa mpaka yakauke, afu ndo nayafukia kwenye mboji kavu. Kila fungu na lebo, rangi imeandikwa kwa penseli maana wino wa kalamu unafutika.

Kana ni kinyume, ukizikausha kabisa zinasinyaa zinakufa, zenyewe zimefukiwa kwenye mboji yenye unyevu kidogo tu, ile ukiiminya mkononi haitoi tone. Magimbi nimeyang'oa, yapo chini ya ngazi ndani ya nyumba kwenye boksi, hayo hayataki mchezo na baridi hata kidogo. Jeraniamu zimeingia kibandani, zimekatwa nusu, na maji karibu hamna mpaka Februari.

Ensete ndo kituko. Unaung'oa wote, unakata majani yote unaacha lile la katikati lililojikunja, unapunguza mizizi, unauning'iniza kichwa chini mpaka maji yote yatoke kwenye maganda ya shina, afu unakaa mkavu sehemu ya nyuzi 5 hadi 10 mpaka masika. Baba watoto kaingia gereji usiku kuchukua bisibisi kaukuta unaning'inia pale mwekundu unadondosha maji, akarudi ndani akauliza nani kachinjwa.

Mgomba mkubwa unabaki nje. Nimekata majani, shina nimelizungushia wavu wa kuku, katikati nimejaza majani makavu ya ngano mpaka juu, kofia ya plastiki kuzuia mvua, na kwenye kitako nimemwaga majani yote niliyofagia kwenye njia, rundo la karibu magotini. Hiyo basjoo mizizi yake inavumilia chini ya sifuri vizuri ikifunikwa, shina ndo linaumia, na shina likipona unaanza Mei ukiwa na mgomba mrefu, likifa unaanza na vichipukizi vya chini.

Na sehemu ya ndege: huku chini sijakata kitu. Alizeti zimesimama zimekauka vichwa vimeinama, tizeli, yale magugu marefu ya vichwa vikavu, zipo na miiba yake, mti wa matunda mekundu wa kotonista kwenye uzio haujaguswa. Mzee kaniuliza kama naumwa.

Novemba, baadaye

Golfinchi wamefika! Uso mwekundu, ubawa una mstari wa njano ya kung'aa, wanne kwenye tizeli. Nilikaa dirishani jikoni chai ikapoa. Mdomo wake mwembamba wenye ncha unaingia katikati ya miiba ya kile kichwa kikavu unachomoa mbegu moja moja, ndege mwenyewe kaning'inia kichwa chini na kichwa cha tizeli kinayumba na upepo, wala hajali. Ningezikata hizi Oktoba kama kawaida yangu wangetua wapi.

Vilishio nimeweka vitatu, vyote vya kuning'inia. Meza bapa sitaki, chakula kikimwagwa sehemu bapa kila mmoja anakanyaga anakunya anakula hapohapo, na kuna ugonjwa wa trikomonosisi unaopita kwa mate na chakula kilicholoa, ndo uliowamaliza wale ndege wa kijani wanaoitwa grinifinchi mpaka 2021 wakaingia kwenye orodha nyekundu ya hapa Uingereza, ile ya ndege walio hatarini. Kwa hiyo kila wiki vinaoshwa vinakaushwa, naweka chakula kidogo kinachoisha siku moja mbili, na vinahamishwa sehemu uchafu usirundikane chini. Kama huna muda wa kuosha bora usilishe, ndo maoni yangu, panda kotonista na tizeli basi.

Chakula ni alizeti nyeusi, shahamu iliyogandishwa na mbegu, na karanga. Karanga hapa nieleze kidogo. Sio karanga zozote. Za chumvi hapana, na zilizovunda ndo kabisa, kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Sisi tunaijua, 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumukuvu, sasa fikiria ndege wa gramu 11. Nanunua zile zilizopimwa, zinakuwa zimeandikwa, na zinakaa ndani ya wavu wa chuma ili ndege amegue asichukue punje nzima.

Desemba

Jua linatoka saa 2 na dakika kama 10 asubuhi, kabla ya saa 10 jioni limezama. Yaani ndege ana chini ya saa 8 za mwanga kutafuta chakula cha kumvusha zaidi ya saa 16 za giza na baridi. Bluutiti, yule mdogo wa bluu na njano, ni mwepesi kuliko sarafu ya pauni 2, na usiku mmoja mkali anachoma sehemu ya uzito wake kujipasha moto tu. Nikishajua hivo basi ratiba yangu imebadilika, vilishio vinajazwa jioni kabla ya giza ili asubuhi wakiamka wakute, sio mimi nikiamka saa 4 Jumapili na kanga begani ndo nianze kutafuta kopo.

Maji nayo. Beseni linaganda, asubuhi namwaga maji ya uvuguvugu, na nimeweka kampira kanakoelea kanacheza na upepo barafu isishikane haraka. Chumvi usiweke, dawa ya kuzuia kuganda ya kwenye gari usiweke kabisa hiyo ni sumu.

Sasa kibandani. Vioo nimevipiga kwa ndani nailoni ile yenye mapovu, hita ndogo ya umeme yenye thamostati nimeiweka nyuzi 3, nia ni isigande tu sio kuwe Tanga. Kuna mtu alinishauri hita ya mafuta ya taa ni rahisi, na kweli bei ni ndogo, ila mafuta ya taa yakiungua yanatoa mvuke, lita moja inakupa karibu lita nzima ya maji hewani, na hewa yenye maji ndani ya kibanda kilichofungwa ndo unaalika ukungu wa kijivu kwenye jeraniamu. Tunarudi palepale, baridi na maji.

Kwa hiyo siku yenye jua nafungua mlango saa 5 mpaka saa 8 mchana hewa ibadilike. Na hapo ndo limetokea jambo ambalo sikulipangia. Robini kaingia. Yule wa kifua cha rangi ya chungwa, siku zote anakuwa mmoja tu kwa sababu hata winta kila mmoja analinda eneo lake, akija mwingine ni vita. Kaingia kwa miguu, hop hop, kasimama juu ya ukingo wa chungu cha jeraniamu, kaangalia chini ya jani, tap. Jani la pili, tap. Nikasogea taratibu, alikuwa anachukua vidukari na buibui wadogo kwenye kona za nailoni. Kesho yake tena. Baada ya hapo mlango ukifunguka anakuja kabla sijafika jikoni, na kadogo kengine ka kahawia kenye mkia uliosimama, wanakaita reni, kanapita chini kwa chini nyuma ya vyungu.

Vidukari kwenye kibanda vimepungua mpaka natafuta. Zile pilipili za ndani ya nyumba ambazo ndege hawezi kuzifikia zina vidukari kibao nakaa naziogesha kwa maji ya sabuni. Nikamuuliza mzee kama alijua, akasema, "Kwani mimi naacha mlango wangu wazi kwa nini, kuota jua?"

Masharti niliyojiwekea: dawa ya kuua wadudu hamna tena kibandani, kabla ya kufunga saa 8 nakagua kila kona asifungiwe mtu ndani, na vioo vya nje nimebandika vipande vya karatasi nyeupe karibukaribu wasijigonge.

Desemba, ile wiki ya baridi kali

Nyuzi sifuri kasoro 6 chini kwenye uzio. Kibanda kimebaki 2, hita imefanya kazi usiku kucha bili nitaiona Januari.

Lakini vita ya wiki hii ilikuwa ya blakibedi. Dume jeusi tii mdomo wa chungwa, na jike la kahawia, hawa wanakula chini, na ardhi ikishaganda juu hawapati minyoo, isipokuwa sehemu moja tu ambayo haijaganda: chini ya rundo langu la majani kwenye kitako cha mgomba. Wamelifumua lote! Anashika jani kwa mdomo anatupa nyuma, anashika anatupa, anaruka kinyumenyume na miguu miwili, majani yametapakaa mpaka kwenye njia na kitako cha mgomba kiko uchi kwenye baridi ya sita.

Kuwafukuza ndo roho ilikataa, wana njaa na nimewaita mwenyewe. Nilichofanya nimerudisha majani, juu nimelaza wavu wa kuku bapa nikabana na mawe, afu nimechukua gunia jingine la majani nimelimwaga kule chini kwao chini ya kotonista, bila wavu, na matofaa yaliyoanza kuoza juu yake. Wamehamia kule. Saa nyingine anakuja kuujaribu wavu, anaudonoa, anaondoka.

Kuna kipanga pia kapita mara moja asubuhi kwa kasi, bustani nzima ikanyamaza. Na paka wa nyumba ya tatu. Kwa ajili ya paka vilishio nimevisogeza vikae kama mita 2 kutoka kichakani, karibu vya kutosha ndege kukimbilia, mbali vya kutosha paka kukosa pa kuvizia.

Mwisho wa Januari

Wikiendi ya kuhesabu ndege. Hii inaendeshwa na RSPB, shirika la ndege la hapa, tangu 1979, unakaa saa moja unaandika, na kwa kila aina unaandika idadi kubwa uliyowaona kwa mara moja, sio kujumlisha kila anayetua, la sivyo robini mmoja anakuwa ukoo. Watoto nilishawapa karatasi na biskuti. Shomoro wameongoza kwangu, kama wanavyoongoza Uingereza nzima miaka na miaka, na hawahawa shomoro wapo kwenye orodha nyekundu kwa jinsi walivyopungua tangu miaka ya 70. Mtoto wangu mdogo kauliza mbona kwa bibi Muheza shomoro hawahesabiwi, nikasema kule wanahesabu watu tu, 2022 karani alifika mpaka kwa bibi.

Mgeni wa mwaka ni blakikepu. Wa kijivu, dume kofia nyeusi jike kofia ya kahawia, mkali balaa, anawafukuza wote kwenye shahamu. Wanaokaa hapa kiangazi wanahama kwenda kusini, hawa wa winta ni wengine, wanatoka Ujerumani na nchi za jirani zake wanakuja Uingereza badala ya kwenda kusini. Watafiti walishaonyesha kwamba ule uelekeo wa kuruka wanaurithi kwa wazazi, na kulishwa kwenye bustani za watu kumesaidia hao wanaokuja huku waongezeke. Wenzao wa mashariki zaidi winta wanashuka hadi milima ya Kenya na Tanzania. Mimi nimekuja huku yeye angeweza kwenda kule, haya.

Februari

Ukaguzi wa gereji. Dalia nyingi nzima, mafungu mawili yameoza shingo, laini ukibonyeza, nimeyatupa, na yale yaliyokuwa karibu nayo nimeyapangusa. Kana ziko vizuri. Ensete umesinyaa nje lakini ukibonyeza katikati ni mgumu, sijaugusa. Jeraniamu moja imeota ukungu wa kijivu nikaitoa haraka.

Nimetundika viota vya mbao. Tundu ndo linachagua mpangaji: milimita 25 kwa bluutiti, 32 kwa shomoro. Vimeangalia kati ya kaskazini na mashariki, jua la mchana na mvua za huku za kusini-magharibi visiingie. Ule mti wa kusimamia chini ya tundu sijaweka, ndege hauhitaji, anayeuhitaji ni mwizi. Vya shomoro nimeviweka vitatu pamoja chini ya paa kwa sababu hawa hawapendi kukaa peke yao.

Machi kwenda Aprili

Pilipili mbuzi imechipua! Kwenye kila panda kuna kijani. Nimeibadilishia udongo, mbolea kidogo, dirisha la kusini.

Ndege nao wameanza ujenzi na wananijengea kwa mali yangu. Shomoro wanachomoa majani ya ngano kwenye koti la mgomba, wanayapitisha kwenye matundu ya wavu wa kuku, bua refu anajaribu kuingia nalo kwenye tundu likiwa mlalo linagoma, anajaribu tena, mpaka anakuja kulishika kwa ncha. Bluutiti wanavuta nyuzi za makumbi kwenye vikapu. Kwa kuwa koti la mgomba lilikuwa linatakiwa kuvuliwa taratibu Aprili hiihii, nimewaachia wavue wao. Kitu kimoja tu nimekiondoa mapema, vitambaa vile vyeupe vya kufunikia miche, vina nyuzi ndefu za plastiki zinazoweza kumnasa mguu kinda kwenye kiota.

Mabua ya alizeti na tizeli nimeyakata sasa, yamefungwa fungu yameegemezwa kwenye uzio, wadudu waliolala mle watoke kwa muda wao. Karanga nazisaga, makinda wasije wakakabwa. Mbayuwayu wa kwanza nimemwona juu ya paa la mzee tarehe 17, wa Uingereza hao winta yao ni Afrika Kusini, safari yote hiyo kwa mbawa.

Mei, wiki ya tatu

Huku mpaka katikati ya Mei jalidi inaweza kurudi, usidanganywe na jua la Aprili. Vyungu vimekuwa vinatoka mchana vinarudi usiku karibu wiki mbili, sasa vimebaki nje moja kwa moja.

Matokeo: mgomba mkubwa shina limepona mpaka urefu wa kifuani, juu ya hapo limeoza nimekata, jani la kwanza limefunguka. Ensete umeshapandwa, unatoa jani lingine jekundu. Dalia na kana zimechipua. Magimbi moja limekufa, limekauka limekuwa jiwe, la pili linaota. Mchaichai umetoka mwembamba ila uko hai. Jeraniamu zimetoa vipandikizi vya kumgawia mzee, naye kanipa mche wa pilipili yake ya Jinja, anavyoiita, mbegu aliletewa na ndugu yake.

Viota: bluutiti wamo kwenye kile cha 25, wazazi wanaingia na viwavi mdomoni asubuhi hadi jioni, na viwavi wengine nimewaona wanavitoa kwenye majani ya waridi langu. Shomoro wamechukua viwili kati ya vitatu.

Ya Oktoba ijayo: majani ya ngano magunia mawili badala ya moja, lingine la wajenzi. Wavu bapa wa blakibedi uwekwe siku ileile ya kufunika mgomba. Magimbi yakae kwenye mboji yenye unyevu kama kana, sio boksi kavu. Pilipili zote zihamie kibandani siku za jua robini azikague, usiku zirudi ndani. Na ensete ule pipa limeshakuwa dogo, kuunyanyua itabidi tuwe wawili, baba watoto keshaanza kusema mgongo.